Kifua Kinapouma: Kwa Matabibu na Wauguzi Wanaoanza Kazi Vituoni

Wadogo zangu mnaoripoti kazini, maumivu ya kifua mtayaona karibu kila siku, na mengi hayatakuwa ya moyo. Atakuja kijana aliyebeba magunia ya mahindi wiki nzima, ukimbonyeza mbavuni anaruka. Atakuja mama mwenye kiungulia kinachopanda kila akilala. Mwingine ana homa na kikohozi, akivuta pumzi anapata kichomi, na nyuma yake kuna nimonia au kifua kikuu. Wingi huo ndio unaotuzoesha kuandika dawa ya tumbo na diklofenaki ya kutuliza maumivu kabla mtu hajamaliza kueleza. Kwa hiyo anzeni na swali moja: kinachomuuma huyu, kinaweza kumuua leo?

Mwache aeleze mwenyewe, kisha uliza maumivu yalianza saa ngapi, alikuwa akifanya nini, na yanaelekea wapi. Moyo unaokosa damu hubana katikati ya kifua, na mgonjwa hueleza kuwa kitu kizito kimemkalia. Maumivu hupanda shingoni au tayani, hushuka mkononi, jasho jembamba likimtoka na tumbo likichafuka. Lakini mwenye kisukari, mzee, na wanawake wengi wanaweza wasionyeshe hayo. Huja wakihema, wamechoka ghafla, au wanaonyesha chembe ya moyo na kuomba dawa ya vidonda vya tumbo. Hapa nasisitiza kuliko popote: akinywa dawa ya asidi akapata nafuu, nafuu hiyo haithibitishi kwamba ni tumbo. Hata kifua kikiuma ukikibonyeza, bado hujauondoa moyo.

Penye mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo, kipimo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, foleni ya malipo isubiri. Kikiwa safi na maumivu yapo, rudia. Troponini nayo, protini inayovuja kwenye damu moyo ukiumia, inaweza kuwa haijapanda saa za mwanzo.

Pasipo mashine, pima presha mikono yote miwili. Maumivu yaliyoanza ghafla kwa ukali wa kuchana, yakielekea mgongoni, na presha za mikono zikitofautiana sana, hofia kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu: usimpe aspirini. Ukishuku mshtuko wa moyo, na hana mzio wa aspirini wala hatokwi na damu popote, mpe aspirini miligramu 300 aitafune, uanze kutafuta gari. Diklofenaki iache kabatini, kwa kuwa dawa za kundi lake humwongezea hatari mgonjwa wa moyo.

Mapafu nayo huua upesi. Mama aliyejifungua karibuni, mtu aliyetoka kupasuliwa, au aliyefungwa plasta mguuni, akikosa pumzi ghafla huku mguu mmoja umevimba, fikiria damu iliyoganda imesafiri hadi mapafuni. Ukimsikiliza kifua unaweza usisikie kasoro yoyote, basi pima oksijeni na uhesabu mapigo. Upande mmoja wa kifua ukikosa sauti ya hewa, huenda pafu limesinyaa. Mwenye selimundu akiwa na homa na kifua kinauma, asirudishwe nyumbani. Mwenye VVU anayepata nafuu akikaa na kuinamia mbele, fikiria ugonjwa wa utando unaouzunguka moyo, na kwetu kifua kikuu ndicho kisababishi kikubwa.

Mkanda wa jeshi huchoma upande mmoja siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea, kwa hiyo mwambie arudi akiona vipele.

Wasiwasi upo, na mateso yake ni ya kweli: kifua hubana, moyo huenda mbio, vidole hufa ganzi. Lakini liwe jibu la mwisho. Inaniuma sana kuona msichana anaambiwa "ni mawazo tu" kabla hata hajapimwa presha.

Ukimpa rufaa, andika saa maumivu yalipoanza, si saa alipofika kwako tu, pamoja na kila dawa uliyompa, kiasi na muda. Mshipa wa moyo ulioziba huzibuliwa kwa dawa, au kwa mrija mwembamba kama wanavyofanya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na faida kubwa hupatikana ndani ya saa 12 za mwanzo. Atakayempokea ataanza kuhesabu kutoka kwenye saa uliyoiandika wewe.