Nafasi mwanzoni mwa mstari: kosa la kuogopa ni lipi?

Python, lugha ya programu inayotumia nafasi za mwanzo wa mstari kujua nini kimo ndani ya nini, ikikupigia kelele kuhusu nafasi hizo, shukuru. Makosa ya IndentationError na TabError hutokea kabla faili halijaanza kuendeshwa, na hukutajia mstari wenye tatizo. Unarekebisha, unaendelea. La kuogopa ni lile lisilopigiwa kelele:

    def jumla_ya(bei_zote):
        jumla = 0
        for bei in bei_zote:
            jumla = jumla + bei
            return jumla

Hapo return imejongezwa mno, ikaingia ndani ya kitanzi (for). Ipe 500, 1200 na 300, itakurudishia 500 badala ya 2000, kimya kabisa. Tena ukiijaribu kwa bei moja tu, jibu linatoka sahihi! Makosa ya namna hii huzaliwa zaidi pale mtu anapobandika msimbo au kuhamisha kipande kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ukishabandika, kagua mstari wa mwisho wa kipande na ule unaoufuata, kisha jaribu kwa orodha yenye vitu zaidi ya kimoja, na orodha tupu pia.

Wanaotumia lugha za mabano {} wasicheke. Februari 2014 Apple ilitoa sasisho la dharura la iOS, mfumo wa iPhone, kwa sababu ya mstari mmoja wa lugha ya C, goto fail, uliojirudia chini ya if isiyo na mabano. Ulivyojongezwa, ungeapa umo ndani ya if. Kwa kompaila ulikuwa nje, hivyo ukaguzi wa saini katika SSL, mawasiliano salama ya mtandao, ukarukwa. Ndiyo maana kompaila ya GCC 6 ya mwaka 2016 ilileta onyo la -Wmisleading-indentation, ambalo huwashwa na chaguo la -Wall. Liwashe.

Kuhusu Tab na nafasi, ubishi hauna maana, kwa sababu mafaili yenyewe yameshaamua. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, unataka nafasi 4, na Python 3 hukataa mchanganyiko wenye utata. YAML, muundo wa mafaili ya mipangilio, haikubali Tab katika ujongezaji. Makefile, faili la maagizo ya programu ya make, ni kinyume: amri zisipoanza na Tab, utaambiwa "missing separator", ujumbe usiomsaidia mgeni hata kidogo. Yaandike haya kwenye .editorconfig, faili la mipangilio ya kihariri, la mradi ili kihariri kisibahatishe:

    [*.py]
    indent_style = space
    indent_size = 4

    [Makefile]
    indent_style = tab

Kosa likigoma kuonekana, endesha amri ya cat -A, pamoja na jina la faili, kwenye Linux. Tab itaonekana kama ^I. Ukiona M-BM- umeipata U+00A0, nafasi isiyokatika, ambayo huja na msimbo ulionakiliwa kutoka kurasa za wavuti. Ifute, uandike nafasi ya kawaida.

Na unapokagua kazi ya mwenzako ya Python, usitumie git diff -w, amri ya kuonyesha mabadiliko ya msimbo. Inaficha mabadiliko ya nafasi, kwa hiyo ile return iliyosogea hutaiona kamwe.