Namba ya NIDA imegeuka 1.98012E+19: kilichojificha na kilichopotea

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, Tanga. Benki imetutaka tupeleke orodha ya wanachama kwa Excel: jina, namba ya NIDA, simu, na lita za Novemba 2025. Niliwaandika wote 64 mwezi huohuo wa Novemba. NIDA zikatokea kama 1.98012E+19. Nikachagua Number, zikarefuka, lakini zote zinaishia na sifuri tano. Simu zimekosa sifuri ya mwanzo, na zile nilizoanza na 255 zimekuwa 2.557E+11. Kolamu ya tarehe imejaa alama za reli (####). Halafu jumla ya lita za mama mmoja imetoka 45,807, na ana ng'ombe mmoja tu! Je, kompyuta ina virusi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Virusi hakuna. Ila usiguse chochote zaidi, na hilo faili lihifadhi nakala kwanza. Kati ya hayo uliyoyataja, mengine ni namba kujificha tu na mengine ni namba kupotea kweli, na dawa zake hazifanani. Kuzitofautisha, bofya seli kisha tazama kile kisanduku kirefu chenye fx juu ya karatasi. Seli inaonyesha namba ikiwa imevalishwa nguo. Kisanduku kile kinakaribia zaidi kilichomo ndani.

Alama za reli zisikuumize kichwa. Kolamu ni nyembamba, tarehe haienei. Bofya mara mbili mpaka wa kulia wa herufi ya kolamu, itajipanua yenyewe.

Simu nazo zipo salama. Ukianza na 255 unapata tarakimu 12, na Excel ikiachiwa ichague yenyewe huonyesha tarakimu 11 tu. Zikizidi hapo inafupisha kwa E. Ile E+11 maana yake sogeza nukta hatua 11 kwenda kulia. Chagua Number, ondoa desimali, zitarudi zote. Zilizoanza na 07 zimepoteza sifuri kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Kama simu ziko kolamu C, andika pembeni =TEXT(C2,"0000000000") kwa hizo zilizobaki na tarakimu tisa, uivute chini.

Sasa NIDA. Hapa pana msiba, na ningekudanganya kama ningekwambia kuna kitufe cha kuzirudisha. Excel huhifadhi namba kwa tarakimu 15 zenye maana, basi. Namba ya NIDA ina 20. Chukua hii ya kubuni: 19801231123451234512. Ukiiandika na kubonyeza Enter, kinachobaki ni 19801231123451200000. Tarakimu tano za mwisho zimetupwa palepale, kabla hata hujabadilisha fomati. Ulipochagua Number hukuziharibu, uliliona tu jeraha lililokuwepo tayari. LibreOffice Calc na Google Sheets zina ukomo huohuo.

Kwa fedha ukomo huu hausumbui mtu. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25, trilioni 49.35, ni tarakimu 14 na inaingia yote. Lakini namba ya NIDA haijumlishwi wala haizidishwi. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu, na jina huandikwa kama maneno.

Kwa hiyo toa nakala za vitambulisho, uandike upya. Mimi niliwahi kuzirudia namba zaidi ya mia mbili za kikundi kingine kwa siku mbili, rula juu ya karatasi, kwa kosa hilihili, kwa hiyo najua ninachokuomba. Futa kolamu ya NIDA, ichague yote ikiwa tupu, bofya kulia, Format Cells, Text, halafu ndipo uandike. Ukiibadilisha kuwa Text baada ya kuandika, tarakimu hazirudi. Ukishaandika, kona ya juu kushoto ya kila seli itatokea pembetatu ndogo ya kijani, na ukiibofya itakushauri Convert to Number. Usikubali! Hapo ndipo wengi wanazipoteza mara ya pili.

Ukitaka kuhakiki, usitegemee =LEN(B2) peke yake. Namba iliyoharibika nayo inakupa 20, kwa kuwa zile sifuri tano zinahesabiwa. Tumia =AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=20), na popote patakapotokea FALSE rudi kwenye kitambulisho.

Kuna mtego mwingine najua utakutana nao, maana benki hupenda kuuliza kama kuna mtu kajirudia. Watu hutumia COUNTIF, na COUNTIF hata ikikuta maneno yanayofanana na namba huyasoma kama namba, kwa hiyo inaangalia tarakimu 15 za mwanzo tu. Tarakimu nane za kwanza za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Kulwa na Doto walioandikishwa sehemu moja wanaweza kulingana mpaka ya 15, na COUNTIF itawahesabu kuwa mtu mmoja. Mtu asikose mkopo kwa sababu ya kuzaliwa pacha. Andika =SUMPRODUCT(--(B$2:B$65=B2)), hii inalinganisha herufi kwa herufi. Ikitoa zaidi ya 1, hapo kweli pana marudio.

Turudi kwa yule mama na lita zake. Nilitoa 45,659 kwenye 45,807, nikabaki na 148, nikajua. Kuna siku moja aliyoleta nusu lita, na wewe ukaandika 1/2. Excel imeisoma kuwa tarehe, na kwa kuwa kompyuta yako inafuata mtindo wa Marekani wa kutanguliza mwezi, imekuwa tarehe 2 Januari 2025. Tarehe ndani ya Excel ni hesabu ya siku: 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na hiyo yako ni ya 45,659. Itafute seli inayosomeka 2-Jan, uiweke General, kisha uandike 0.5. Jumla itakuwa 148.5, na hiyo ndiyo ya ng'ombe mmoja anayekaribia kukauka.

Kinachochanganya ni kwamba 6 1/2 yenye nafasi katikati inaeleweka vizuri kuwa sita na nusu, ndiyo maana siku nyingine zimetoka sawa. Pitia wanachama wote ukitafuta pia robo, kwani 1/4 inageuka 4-Jan na 3/4 inageuka 4-Mar. Kuanzia sasa andika lita kwa nukta.

Ukimaliza, wapelekee benki faili lenyewe la xlsx. Wakikutaka CSV, yaani faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, litoe mwisho kabisa na usilifungue tena kwa Excel kwa kubofya mara mbili, maana CSV haibebi ile fomati ya Text na NIDA zitakatika upya. Ukitaka kulikagua, lifungue kwa Notepad.