Santuri ya mjomba wako

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na mguu wa shangazi yako umepona. Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Unasema umeisikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho, ile albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ambayo mjomba wako alikuwa akiipiga kila Ijumaa jioni, Kind of Blue, na umebaki unajiuliza watu wanapenda nini humo, maana hakuna anayeimba, hakuna pa kucheza, na kila mpigaji anaonekana kushika njia yake. Tena umeuliza kama mtu asiyejua kusoma muziki anaweza kuipenda kwa dhati, au atakuwa anajifanya tu. Nimeona heri nikuandikie, kwa sababu kwa simu ningekueleza nusu.

La kucheza ni jepesi. Sisi tulikua tukiliita jazi jambo jingine. Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, zote zilikuwa bendi za dansi zenye magitaa, na neno hilo kwenye majina yao lilikuwa la kuonyesha usasa. Jazi ya Miles Davis na wenzake ni muziki wa Wamarekani weusi, na ingawa kizazi kilichowatangulia kiliucheza sana, kufikia miaka ya 1950 wengi waliusikiliza wakiwa wameketi, kama tulivyokuwa tukikaa kusikiliza taarabu ya zamani kabla watu hawajainuka kutunza. Usiudai kitu ambacho haukukuahidi.

Hilo la kila mtu kushika njia yake ndilo zito. Mimi pia nilisikia hivyo hivyo, na aliyenifungua masikio ni mjomba wako, ambaye hakusomea muziki popote. Alikuwa baharia, na santuri ile aliinunua bandarini Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akiwa nchi kavu alipiga udi kwenye kikundi cha taarabu hapa mjini. Jioni moja aliniona nimekunja uso mbele ya gramafoni, akaniambia niache kusikiliza muziki, nimsikilize mtu. Nichague mmoja, nimfuate kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni asije akampoteza. Mpigaji wa kwanza akanichagulia yeye mwenyewe, naye ni mpiga besi.

Nakuomba ufanye hivyo. Weka wimbo wa kwanza, So What. Mwanzoni piano na besi zinapapasa polepole, kama watu walioingia chumba chenye giza. Kisha besi inatoa kauli fupi, na piano inaiitikia kwa milio miwili tu. Besi inasema tena, inaitikiwa tena, na baada ya muda vyombo vya kupuliza navyo vinaingia kwenye kiitikio. Huyo mwenye besi ni Paul Chambers, na siku waliporekodi, tarehe 2 Machi 1959, alikuwa na miaka 23. Mfuate yeye peke yake kwa dakika zote tisa, umwache Miles na sifa zake. Utasikia kwamba kauli zile zikiisha anaanza kutembea, hatua kwa hatua, na wengine wote wanasimama juu ya mwendo wake. Ukishamzoea, rudia wimbo uleule ukimfuata Jimmy Cobb kwenye drams. Pale Miles anapoanza zamu yake, Cobb anapiga toazi pigo moja zito kuliko unavyotarajia, na mlio wake unabaki hewani, unafifia taratibu, huku tarumbeta ikiingia chini yake. Nimelisikia pigo hilo mamia ya mara, na hadi leo hunisimamisha mkono nikiwa napepeta mchele.

Ukifanya hivyo kwa mpigaji mmoja mmoja, utaona kwamba hawakushika njia mbalimbali hata kidogo. Wanapeana zamu, na anayepewa zamu anatunga papo hapo huku wenzake wakimsikiliza na kumwitikia. Bill Evans, mpiga piano, aliandika nyuma ya jalada kwamba Miles alikuja studio na michoro tu ya nyimbo, aliyokuwa ameiandaa saa chache kabla. Kwa hiyo unachokisikia ni watu waliokabidhiwa jambo jipya siku hiyo, wanalichunguza mbele yako. Studio yenyewe ilikuwa jengo la kanisa la zamani, Mtaa wa 30 huko New York, lenye dari la juu sana, na nadhani ndiyo maana sauti zao zina nafasi ya kupumua.

Jambo jipya hilo lilikuwa la kupunguza. Katika jazi ya miaka iliyotangulia, msingi wa sauti ulibadilika upesi upesi, na mpigaji alilazimika kukimbia nao asije akaachwa. Katika So What wanakaa kwenye safu moja ya sauti kwa vipimo 16, kila kipimo mapigo manne, wanapanda nusu sauti kwa vipimo 8, wanarudi nyumbani kwa vipimo 8, kisha wanaanza upya. Mjomba wako hakuliona hilo kuwa geni, kwa sababu mpiga udi anapopiga taksimu, yaani anapopiga peke yake akitunga papo hapo, hukaa ndani ya maqamu moja, safu moja ya sauti za Kiarabu, akaichimba mpaka aridhike. Sisemi kwamba Miles alilitoa jambo hilo kwetu. Nasema sikio lililolelewa na taarabu lina mlango wake wa kuingilia, na wewe ulilelewa nalo.

Ndani ya nafasi ile kubwa, kila mmoja alijenga kwa tabia yake. Miles anasema maneno machache na kunyamaza, na ukimya wake unausikia. John Coltrane, kwenye saksafoni ya tena, anamimina bila kituo kama mtu aliye na deni la kulipa. Miaka miwili nyuma alikuwa amepambana na heroini akaishinda, na mimi siwezi kumsikiliza bila kulikumbuka hilo. Cannonball Adderley, kwenye saksafoni ya alto, alikuwa mwalimu wa muziki kule Florida, na sauti yake ina uchangamfu wa mtu aliyekuja na habari njema. Wimbo wa tatu, Blue in Green, Cannonball hapigi kabisa, na Miles ameweka kizibo cha kupunguza sauti kwenye tarumbeta yake. Kwangu mimi hakuna kilicho bora kuliko huo katika albamu nzima. Jalada lilimpa Miles utunzi wa nyimbo zote tano, lakini Evans alisema huo aliutunga yeye, na kila nikisikia piano inavyoufungua na kuufunga, namwamini Evans.

Sasa nikueleze kisa cha yale maandishi ya penseli yaliyokuwa yakikushangaza ulipokuwa mdogo. Mjomba wako alipenda kupiga udi pamoja na santuri. Kila alipoweka upande wa kwanza, nyuzi zake zilikuwa chini kidogo, akazikaza. Akigeuza upande wa pili, zikawa juu, akazilegeza. Alilaumu gramafoni, akaipeleka kwa fundi, fundi akairudisha akisema ni nzima. Akalaumu udi, halafu mwisho akalaumu masikio yake, na hilo lilimuuma, maana kwenye kikundi yeye ndiye aliyekuwa akiwalinganishia wengine sauti za vyombo vyao. Akaandika kwenye jalada, "kaza" kwa upande wa kwanza na "legeza" kwa upande wa pili, akaishi na jambo hilo hadi tulipomzika mwaka 1988.

Mwanangu, masikio yake yalikuwa sahihi. Siku ile ya tarehe 2 Machi mashine ya kurekodi ilizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na tepu ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipanda juu kidogo. Dunia nzima ilizisikia hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka matoleo ya miaka ya 1990 yalipozisahihisha kwa kutumia tepu ya mashine ya pili, iliyokuwa ikienda sawasawa. Niliposoma habari hiyo kwenye kijitabu cha sidii mwaka 1999, nilikaa chini. Umeuliza kama asiyesoma muziki anaweza kuusikia. Mjomba wako, baharia wa Tanga, alisikia kosa ambalo kampuni kubwa ya santuri ya New York iliuza miaka yote hiyo.

Inafaa pia uwajue waliolipa gharama. Albamu ilitoka tarehe 17 Agosti 1959. Siku nane baadaye Miles, akiwa amesimama nje ya klabu ya jazi ya Birdland huko New York, ambako jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni, alipigwa kichwani na polisi kwa kuwa hakuondoka alipoamriwa. Chambers alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 33. Coltrane alikuwa ametangulia mwaka 1967, akiwa na miaka 40. Wa mwisho wao alikuwa Jimmy Cobb, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 91, na siku ile niliweka So What kwa ajili ya lile toazi lake.

Kuna mmoja sijakutajia, Wynton Kelly. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga piano mpya wa Miles, akafika studio akamkuta Evans, aliyekuwa ameondoka kwenye bendi, amerudishwa kwa kazi ile. Kelly alipiga wimbo mmoja tu, Freddie Freeloader, na ameupiga kwa furaha isiyo na kinyongo. Namtaja kwa sababu binamu yake, Randy Weston wa Brooklyn, ndiye mwenye albamu ninayotaka uisikilize baada ya hii. Nilikuja kuisikia ukubwani, kwenye simu uliyoninunulia. Inaitwa Uhuru Afrika, na waliirekodi New York Novemba 1960, wapigaji zaidi ya 20. Aliyeipangia vyombo vyote ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni, ambaye watu hawamtaji inavyostahili. Mshairi wa Kimarekani Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na mwanzoni kabisa utasikia likisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, mwaka mmoja na ushei kabla bendera yetu haijapandishwa. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Nilipoisikia sauti ile, nilimwita shangazi yako kutoka jikoni, tukaisikiliza wote wawili tumesimama.

Santuri ya mjomba wako nimeifunga kwenye kanga, na binamu yako atakuletea mwezi ujao. Yale maandishi ya penseli usiyafute. Upande wa pili unaanza na All Blues, waliourekodi tarehe 22 Aprili, siku ambayo Chambers alitimiza miaka 24. Utamsikia akizunguka na kauli ileile tena na tena. Mfuate, kisha uniandikie ni wapi anaiacha na ni wapi anairudia.

Mama yako