Maswali ya Wenye Magari: Oili Bado Ipo, kwa Nini Imwagwe?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu na ninaishi Nyegezi, jijini Mwanza. Shule ninayofundisha iko umbali wa kilomita nne hivi kutoka nyumbani. Ninatumia Toyota IST niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika Japani. Tangu oili ibadilishwe mara ya mwisho imepita miezi minane, lakini gari limetembea kilomita 2,300 tu, na kila nikichomoa stiki ya kupimia naona oili imefika alama ya juu kama siku ilipowekwa. Fundi wangu anasisitiza kwamba tuimwage, tena tubadilishe na filta yake. Mwalimu mwenzangu anasema kitabu cha gari hilo kinaruhusu kilomita 15,000. Je, fundi ananitafutia gharama zisizo za lazima?

JIBU: Mwalimu, fundi wako yuko sahihi, na kwa maelezo uliyoyatoa oili hiyo ilistahili kumwagwa miezi miwili iliyopita. Stiki hueleza kiasi cha oili kilichomo ndani ya injini. Haielezi hali yake. Ukweli ni kwamba oili isiyopungua hata kidogo kwa miezi minane katika gari la safari fupi hunitia shaka zaidi kuliko kunipa matumaini, kwa sababu huenda kile kilichopungua kimejazwa na petroli na maji.

Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli ambayo haikuungua, hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu iliyohifadhi oili. Gari linalotoka Nyegezi kwenda mbali, tuseme hadi Shinyanga, hupata muda wa kutosha wa oili kuwa ya moto sana, na maji hayo yakageuka mvuke na kutoka. Gari linalokwenda kilomita nne na kuzimwa halifiki huko. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kuwa umekwisha kupanda, lakini mshale huo hupima maji ya kupozea injini, nayo hupata moto mapema kuliko oili. Hivyo kila asubuhi unaongeza matone machache ya maji na petroli, na kila jioni mengine machache. Fungua kifuniko cha kujazia oili na ukitazame upande wa ndani: ukikuta utando mzito wenye rangi ya maziwa, huo ndio ushahidi wa maji ninayoyasema.

Oili inayouzwa kwenye kopo, aidha, si mafuta matupu. Imechanganywa na kemikali za kuosha masizi, za kuyashikilia yasigandane, za kupunguza ukali wa asidi inayotokana na kuungua kwa mafuta, na za kukinga vyuma visilane pale vinapokutana kwa nguvu. Kemikali hizo hutumika na kwisha. Mtu aliyewahi kufua nguo nyingi katika beseni moja anaelewa jambo hili: maji bado yamejaa beseni, lakini povu limekwisha, na nguo inayoingia sasa inatoka na uchafu wa zile zilizotangulia. Ndiyo maana rangi nyeusi peke yake si sababu ya kuogopa oili, kwa kuwa oili nzuri huwa nyeusi kwa kuwa inaosha. Kinachopimwa ni kilomita na miezi, na lile linalotangulia kutimia ndilo linalofuatwa.

Sasa nije kwenye kitabu cha gari. Mwenzako amesoma kweli, ila amesoma nusu. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) yanayouzwa Japani, Toyota huweka kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, kisha huweka nusu yake, yaani kilomita 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu. Na matumizi magumu yameelezwa waziwazi: safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8, barabara mbovu, milima, na mwendo wa polepole au kusimama muda mrefu injini ikiwa inaunguruma. Mtu akitafuta mji wenye mambo hayo yote kwa pamoja, atakuwa ameutaja Mwanza. Tunapanda Bugando na Isamilo kwa gia ndogo, tunapita njia za mawe na vumbi kuelekea mitaa ya milimani, na tunasimama kwenye foleni ya Mkuyuni jua likiwa kali. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya lami ya Japani tayari kinakuambia miezi 6. Mafundi wengi hapa kwetu hushauri kilomita 5,000 au miezi 6, nami nakubaliana nao, hasa kwa gari lililoagizwa likiwa limetumika, ambalo hatujui mwenyewe wa kwanza alilitunza vipi.

Kuhusu filta, ninaomba uniwie radhi nikirefusha kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Ndani ya kopo lile dogo mna karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa, na oili yote inayosukumwa na pampu hupita humo kabla ya kufika kwenye beringi, yaani vikalio vya vyuma vinavyozunguka. Karatasi hiyo hunasa chembe za chuma, masizi na vumbi hadi inapojaa. Ikijaa, injini haiwezi kuachwa bila oili, kwa hiyo watengenezaji wameweka valvu ndogo ambayo hufunguka na kuipitisha oili pembeni bila kuchujwa. Gari litaendelea kutembea, taa ya oili haitawaka, nawe hutajua lolote, lakini tangu siku hiyo uchafu wote unazunguka katika beringi. Isitoshe, injini ya lita 1.5 ya IST huchukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, na lita 3.4 usipobadilisha. Maana yake ni kwamba ukiiacha filta kuukuu, unaichanganya oili mpya na karibu theluthi moja ya lita ya oili uliyotoka kuikataa. Bei ya filta ni ndogo ukiilinganisha na bei ya oili yenyewe. Sioni faida ya kuiruka hata mara moja.

Injini yako ina sababu nyingine ya kudai oili safi. Haina mkanda wa taimingi, bali ina cheni, na kifaa kinachoikaza cheni hiyo husukumwa na presha ya oili. Vilevile mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu ili gari livute vizuri na lisile petroli nyingi, huendeshwa kwa oili inayopita kwenye kichujio kidogo sana cha wavu. Wavu ule ukizibwa na tope, gari huanza kuvuta kwa shida, na mwenye gari hubadilisha plagi na pampu ya petroli bila mafanikio.

Miaka kadhaa iliyopita nilifungua injini ya gari dogo ambalo mwenyewe alikuwa akiongeza oili kila ilipopungua, asiimwage kamwe. Sampu ilipotoka tulikuta uji mweusi mzito kama lami iliyoanza kuganda, na wavu wa pampu ya oili ulikuwa umezibwa, umebakiwa na nafasi ya kupitisha oili yenye ukubwa wa sarafu tu. Beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimekwanguka hadi chuma cha ndani. Injini ilikuwa imenoki, yaani imekufa, na mama yule mwenye gari aliyekuwa akilitegemea gari lake kubebea dagaa alikaa miezi mitatu bila biashara. Jambo lile liliniuma, kwa sababu halikuwa ajali.

Fundi atakapoifanya kazi hiyo, uwepo. Injini iwe ya uvuguvugu ili uchafu utoke pamoja na oili. Filta ya zamani itoke mbele ya macho yako, na uhakikishe mpira wake haukubaki umeng'ang'ania injini. Filta mpya ipakwe oili kidogo kwenye mpira na ikazwe kwa mkono. Andika juu yake tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Ukirudi mara ijayo utajua kama ilibadilishwa au ilifutwa tu kwa kitambaa. Na fundi akitaka kuisuuza injini kwa mafuta ya taa, mkatalie kwa upole. Mafuta ya taa yanayobaki ndani huipunguza oili mpya uzito, na tope linalobanduka kwa ghafla laweza kwenda kuziba wavu wa pampu.

SWALI: Mimi nina Hiace ya petroli inayofanya kazi ya daladala kati ya Igoma na mjini. Dereva anasema gari linakula oili, kwa hiyo kila wiki ananunua lita moja ya kupima na kuongeza. Anadai kwamba kwa kuwa oili mpya inaingia kila wiki, hakuna haja ya kuimwaga yote. Anasema pia injini ikizeeka inafaa oili nzito zaidi. Je, nimwamini?

JIBU: Ndugu yangu, kuongeza si kubadilisha. Lita moja inayoingia huzikuta lita nyingine chafu zikiisubiri, na kemikali zake huisha ndani ya muda mfupi zikipambana na uchafu ambao haukutolewa. Masizi, chembe za chuma na asidi havitoki kwa kuongeza. Hutoka kwa kumwaga, na filta iliyojaa haijisafishi.

Fanya hesabu rahisi. Kama gari lako linatembea kilomita 150 kwa siku, kilomita 5,000 zinatimia katika siku 33, yaani mwezi mmoja na siku chache. Kwenye daladala kusubiri miezi 6 hakuna maana yoyote. Na hata hizo 5,000 ni nyingi kwa gari linalosimama kila kituo na kuunguruma stendi likisubiri abiria, kwa sababu wakati huo injini inafanya kazi lakini kilomita hazihesabiki. Ningekuwa tajiri wa gari hilo, ningepanga tarehe moja maalumu ya kila mwezi na kuifuata, iwe hesabu ya fedha anayoleta dereva wiki hiyo imetimia au haikutimia.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa naipinga kabisa. Hujui ni ya daraja gani, hujui pipa limekaa wazi kwa muda gani, wala hujui kama ni oili mpya au ni chafu iliyochujwa. Nunua kopo lililofungwa kwenye duka unaloliamini, usome maandishi yake. Herufi mbili zinazoanza na S zinahusu injini za petroli, na zinazoanza na C zinahusu dizeli. Namba kama 10W-30 au 20W-50 zinaeleza uzito: ya kwanza, iliyoambatana na W inayosimama kwa majira ya baridi, ni uzito wa oili injini ikiwa ya baridi, na ya pili ni uzito wake injini ikiwa ya moto.

Dereva wako ana sehemu ya ukweli anaposema kuwa injini iliyochakaa hutulia kidogo ikipewa oili nzito. Lakini oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi inapowashwa, na dakika hiyo ya kwanza ndipo vyuma huumia zaidi. Kabla ya kuongeza uzito, tafuta oili inakopotelea. Ukiona moshi wa buluu gari linapowashwa baada ya kulala, shuku sili za valvu. Ukiuona daima linapopanda mlima, shuku ringi. Ukikuta matone chini ya gari, inavuja tu, na tatizo hilo hutibika kwa gharama ndogo.

SWALI: Ninaishi Mabatini, jirani na gereji inayomwaga oili chafu kwenye mtaro. Mvua ikinyesha tunaona rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Je, kuna madhara?

JIBU: Yapo, na nashukuru umeuliza, kwa kuwa sisi tunaohimiza watu wamwage oili tuna wajibu wa kusema imwagwe wapi. Mitaro ya Mabatini huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia Ziwa Victoria, ziwa lilelile tunalovua sangara na sato, na ambalo maji ya bomba ya Mwanza huchotwa humo, Capri Point na Butimba. Oili iliyotumika ina vipande vya metali na kemikali zilizozaliwa na moto wa injini, ambazo zikigusa ngozi kwa miaka mingi zinaweza kuleta saratani. Mafundi vijana wanaonawa kwa oili hiyo nao wanahitaji kuelezwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo.

Anza kwa kuzungumza na mwenye gereji mwenyewe, kwa heshima, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Anachohitaji ni karai la kukingia, dumu lenye kifuniko linalokaa mahali pasipofikiwa na mvua, na mnunuzi wa oili chafu mwenye kibali cha kuikusanya. Filta kuukuu naye azitoboe na kuziinamisha juu ya dumu hadi asubuhi, kwa maana bado huwa na oili ya kutosha kuchafua mtaro mzima.