Shangazi akisema ameshakunywa dawa, wewe hesabu vidonge

Shangazi yangu anaishi peke yake Tanga, nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kuhamia Dar hataki, tumembembeleza mpaka tumechoka. Kusahau kulianza pole pole, mara sufuria imeungua, mara anamdai mpangaji kodi ambayo ameshalipwa, sisi tukasema aah, uzee tu. Hapo tulikosea.

Tukakosea tena kumwacha aende kliniki ya presha mwenyewe. Huyu mama akifika mbele ya daktari anakuwa mtu mwingine kabisa, baibui limenyooshwa, manesi anawatania, akiulizwa dawa anajibu "nakunywa mwanangu, kila siku." Presha iko juu, basi wanamwongezea dozi. Siku moja natafuta kadi yake ya bima kabatini nikakuta kopo la maziwa ya unga limejaa vidonge, karatasi tano za amlodipini, ile dawa ya presha, hazijaguswa, metfomini za kisukari zimechanganyika na vifungo vya shati. Na wala hadanganyi jamani, anaamini kabisa amekunywa. Sasa fikiria angetokea mtu akaanza kumpa zote kwa ile dozi iliyopandishwa, si angeanguka?

Kwa hiyo mtu wenu akiwa hivi msimpeleke mikono mitupu, bebeni vidonge vyote alivyonavyo ndani, hata vya dukani. Na usimbishie mbele ya daktari, atanuna na mwakani hataki kwenda, mimi naandika kikaratasi nampa nesi kabla hatujaingia. Daktari alivyoelewa akapanga dawa zote zinywewe asubuhi mara moja. Zinakaa kwa jirani, analeta na uji, anasimama pale mpaka zimemezwa, na sisi tunamtumia chochote kila mwisho wa mwezi maana hiyo ni kazi.

Ombeni na vipimo. Shangazi ametumia metfomini miaka mingi na hiyo inaweza kushusha vitamini B12, ikipungua nayo inaleta kusahau. Tezi ya shingo, sukari, kaswende, VVU, vyote vipimwe, kuna vingine vinatibika. Halafu kulikuwa na Piriton anayojinunulia ili apate usingizi, mie nilikuwa naiona kadawa ka mafua tu, kumbe kwa mzee inazidisha kuchanganyikiwa. Tukaiondoa.

Ila kilichonitisha ni Ramadhani iliyopita. Ndani ya siku mbili akawa anaongea na mumewe ukutani, jirani hamjui, usiku halali. Mtaani wakasema jini, mmoja akaja na namba ya mganga kabisa. Tukampeleka hospitali, mkojo ukapimwa, UTI. Homa hakuwa nayo wala hakulalamika kuumwa. Alipomaliza antibayotiki akarudi kwenye kusahau kwake kwa kawaida. Kwa hiyo akibadilika ghafla, siku mbili tatu tu, hiyo sio ile sahau yake ya siku zote, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Siku hizi kuna daftari limening'inia kwenye msumari jikoni, jirani anaandika amekunywa, amekula, amelala vipi, na tukienda kliniki tunaenda nalo. Shangazi anajua ni daftari la madeni, kila nikifika ananiuliza nani hajalipa.