Leseni ya umeme mdogo Marekani: jibu kwa fundi wa CCTV anayehamia Houston

Ndugu uliyeuliza kama leseni yako ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, itatosha kufungua kampuni ya kufunga kamera na nyaya za mtandao utakapofika Houston, Texas: haitatosha, ingawa uzoefu ulio nyuma yake una thamani kubwa ukiutunzia ushahidi. Nilifanya kazi hii Texas kabla ya kuhamia California, ambako nina leseni yangu, kwa hiyo nitazungumzia zaidi majimbo hayo mawili.

Marekani haina leseni moja ya taifa kwa kazi hii ya umeme mdogo, yaani kamera, ving'ora na nyaya za mtandao. Kanuni ya ufungaji wa umeme, yaani NFPA 70, hutumika karibu nchi nzima, lakini nani aruhusiwe kufunga ni uamuzi wa kila jimbo, na mara nyingi jimbo huangalia zaidi waya unafanya kazi gani kuliko unabeba volti ngapi.

Kule Texas mafundi umeme hupewa leseni na TDLR, idara ya leseni ya jimbo, lakini sheria imeziondoa saketi za mawasiliano, faiba na nyingine za nguvu ndogo katika masharti ya leseni hiyo. Wengi husikia habari hii nusu, wakadhani kazi yote ya umeme mdogo iko huru. Ukivuta kebo za kompyuta ofisini, ni kweli jimbo halidai leseni ya fundi umeme. Ukifunga kamera inayorekodi, king'ora cha wizi au mlango wa kadi, umeingia katika sura ya 1702 ya sheria za jimbo, inayosimamiwa na idara ya usalama wa umma, DPS, na hapo kampuni huhitaji leseni, nao wafungaji hupewa leseni binafsi na kuchukuliwa alama za vidole. Vifaa vya kugundua moto viko chini ya mamlaka nyingine tena, ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo. Kwa hiyo fundi aliye juu ya ngazi ileile anaweza kuvuka mipaka ya mamlaka hizo kabla ya saa sita mchana, na mteja asijue.

California ina leseni mahususi, C-7, inayotolewa na bodi ya makandarasi, CSLB, kwa mifumo isiyozidi volti 91. Mifumo ya tahadhari ya moto haimo. Hiyo ni kazi ya mwenye C-10, leseni ya mkandarasi wa umeme. Tena kampuni ya ving'ora vya wizi husimamiwa na ofisi tofauti kabisa. Mwombaji wa C-7 lazima aonyeshe miaka 4 ya kazi kwa kiwango cha fundi kamili ndani ya miaka 10 iliyopita, afaulu mtihani wa sheria na biashara pamoja na ule wa ufundi, kisha aweke dhamana ya dola 25,000. Kiasi hicho kisikutishe, kwani hulipi chote mfukoni: kampuni ya bima hukudhamini, nawe unailipa ada.

Kinachonisumbua zaidi ni ndugu zetu wanaofanya kazi California bila leseni. Kazi yenye thamani chini ya dola 1,000, isiyohitaji kibali wala msaidizi wa kuajiriwa, imesamehewa tangu 2025. Ukizidi hapo, kifungu cha 7031 cha sheria ya jimbo hilo kinakuzuia kumshitaki mteja asiyekulipa, hata kama kazi ni safi, na yeye anaweza kwenda mahakamani kudai kila senti aliyokwisha kukupa. Namfahamu mwenzetu aliyefunga kamera za ghala zima kwa nyaya zilizonyooka na raki iliyopangwa vizuri, akanyimwa malipo yaliyobaki, na hakuwa na pa kuyadai.

Majimbo mengine yana hesabu zao. Minnesota hudai miezi 36 ya uzoefu kwa fundi wa nguvu ndogo. Washington hudai saa 4,000, na zile ulizofanya ndani ya jimbo hilo hazihesabiwi kama hukuwa na cheti cha mwanagenzi ulipozifanya.

Kwa hali yako ningeanza kwa kuajiriwa Houston na kampuni yenye leseni ya DPS, na kila slipu ya mshahara ningeitunza. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, waombe waajiri wako barua zinazotaja tarehe za kuanza na kumaliza, na kazi zenyewe: kuvuta kebo, kufunga raki, kupima laini, kuunganisha kinasa cha kamera. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa fundi hodari na mwaminifu haitakusaidia ukija kuomba leseni katika jimbo linalohesabu uzoefu. Asaini mtu aliyekuona ukifanya kazi, na aandike simu inayopatikana, kwa sababu CSLB ina mamlaka ya kuchunguza uzoefu uliodaiwa, na anayetafutwa ni yeye aliyeuthibitisha.