Jeti Kongwe za Kivita Juu ya Ziwa

SWALI: Mhariri, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu ndege ya kivita ya zamani ikianguka barabarani huko Uingereza wakati wa maonyesho, nikaambiwa imeua watu 11. Je, si afadhali ndege kongwe kama hizo zikae makumbusho? Na kama maonyesho ya namna hiyo yangeletwa Mwanza yakafanyika juu ya ziwa, hatari si ingekuwa imekwisha?
Mzee wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Shikamoo, Mzee wetu. Uliyoiona ni Hawker Hunter iliyoundwa mwaka 1955, ikaanguka Shoreham tarehe 22 Agosti 2015. Watu wengi hutaja kwanza umri wake, lakini uchunguzi ulionyesha jambo jingine: rubani alianza kupiga duara la wima kwa mwendo mdogo kuliko uliotakiwa, na alipofika kileleni, ndege ikiwa chali, alikuwa kwenye futi 2,700 tu, ilhali alihitaji walau 3,500 ili aweze kushuka na kuinua pua kabla ya kugusa ardhi. Wote 11 waliokufa walikuwa nje ya uwanja, barabarani. Waliokata tiketi walisalimika.

Kwetu hesabu hiyo ingekuwa ngumu zaidi. Ziwa letu lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hivyo injini husukuma kidogo na duara lile lile huhitaji nafasi kubwa zaidi. Usidhani hayo ni ya vyombo chakavu peke yake. Mwaka 2003, huko Mountain Home nchini Marekani, rubani wa kikosi cha maonyesho cha jeshi, akiwa ndani ya jeti ya kisasa aina ya F-16, alitumia kimo cha uwanja wake wa nyumbani, ambao uko chini zaidi, akageuza ndege ishuke mapema mno. Alifyatuka na kiti chake, kile kinachomrusha rubani nje, chini ya sekunde moja kabla ya ndege kugonga ardhi.

Hata hivyo uzee una neno lake. Viti vya kufyatuka hutumia baruti yenye muda maalumu, na vipuri vya viti vya zamani vinazidi kuadimika. Nadhani hilo, kuliko sheria yoyote, ndilo litakalozishusha nyingi chini. Hunter, tena, ina injini moja, na kwenye mialo yetu, penye vichwa vya samaki, mwewe na makorongo hawakosekani; mmoja akinyonywa na injini hiyo, hakuna ya pili.

Kuhusu ziwa, ni kweli kwamba Uingereza maonyesho kadhaa hufanyika baharini, na baada ya Shoreham jeti za zamani zilizuiwa kufanya michezo juu ya nchi kavu, zikaruhusiwa kupita tu. Lakini wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Mchana, saa za maonyesho, mitumbwi imevutwa mchangani na akina mama wanageuza dagaa juani, hatua chache kutoka majini, na hakuna hata mmoja wao aliyeomba kutazama ndege. Kabla ya kusema ziwa ni salama, mwandaaji angepaswa kwenda mwaloni saa nne asubuhi akahesabu watu. Mimi ningekubali jeti ipite moja kwa moja, mbali na ufuko, kisha itue uwanjani ili mjukuu wako aiguse. Duara la wima ningelikataa.